Waya Wenye Mstari

Ngoma haikulia. Filimbi ilisikika, makofi yalisikika, hata mbuzi aliyelia nyuma ya waimbaji siku ile ya kurekodi alisikika safi kabisa. Ngoma tu ndiyo haikuwemo, na mzee Mashimba alikuwa ametoka Bunda mpaka Musoma kwa ajili ya ngoma.

"Mwanangu," alisema mzee, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda cha fundi, fimbo katikati ya magoti. "Hapa nasikia watu wanaimba. Ngoma iko wapi?"

Pelagia alitoa bisibisi mdomoni ili aweze kujibu. "Inakuja, mzee."

"Tangu asubuhi inakuja. Inatembea kwa miguu?"

Pelagia alikuwa amelala kifudifudi ndani ya Noah ya mzee, kichwa kimeingia chini ya kiti, amplifaya iko mbele ya pua yake. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Fyuzi ilikuwa nzima. Waya wa bodi, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari, ulikuwa umekazwa mpaka bolti ikalia. Kila kitu kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililokuwa linamtia wazimu. Kitu kibovu unakibadilisha, unafuta mikono, unaita mteja mwingine. Lakini kitu kizima kinachokataa kufanya kazi, utakifanya nini? Utakichapa?

Alitambaa mpaka mbele kwenye redio, akahamisha sauti yote iende kushoto. Dum! Ngoma ikaja, nzito, mpaka kioo cha dirisha kikatetemeka.

Mzee akainuka. "Hiyo hapo! Usiiguse!"

Akahamisha sauti yote iende kulia. Dum! Ngoma ileile, uzito uleule.

"Nayo hiyo!"

Kisha akairudisha katikati, ili spika zote mbili za besi zipige pamoja. Ngoma ikatoweka. Wakabaki waimbaji na mbuzi wao.

"Sasa mbona umeifukuza?" mzee akauliza kwa uchungu wa kweli.

"Sijaifukuza mimi, mzee. Zikipiga pamoja inakimbia."

"Basi tuache upande mmoja."

"Umeleta spika mbili, uondoke na moja inayopiga na moja ya maonyesho? Watu wataniuliza nani aliyekufungia."

Mzee Mashimba akaketi tena, akaguna. Shida yake haikuwa ndogo. Kesho yake mwanawe alikuwa anaoa Butiama, na Noah hii ndiyo iliyotakiwa kuongoza msafara kutoka Bunda. Mara ya kwanza, siku ya kujitambulisha, waliingia kwa wakwe kimyakimya mpaka mbwa wa pale ndiye aliyewatangaza. Wakwe walicheka, na mzee hakuisahau ile aibu. Akaapa kwamba safari hii ngoma za kwao zitatangulia kufika, yeye atafuata. Akatafuta spika mbili kubwa za besi, pana kama sinia za pilau, akaziweka kwenye kiti cha mbele kama abiria, akaja nazo mtaa wa Nyasho, mjini Musoma, kwa Pelagia binti wa Ngolo, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba besi ya kwa Ngolo inapiga kifuani.

Na kweli ilikuwa inapiga. Ngolo alianzia Murangi, kutengeneza redio za wavuvi, redio zilizoingia maji na kulia kama chura. Alipohamia mjini akaingia kwenye magari. Wakati huo Pelagia alikuwa binti mdogo wa kumshikia tochi. Akaishika mpaka akazijua nyaya kuliko alivyozijua hesabu za shule. Mwaka jana Ngolo alifariki, kibanda kikabaki kwa Pelagia, na siku ya mazishi akaja Nathan.

Nathan ni mdogo wake, baba mmoja mama mbalimbali. Mama yake alirudi kwao Bunda mtoto akiwa bado mgongoni, kwa ugomvi ambao wakubwa waliumaliza bila kuueleza, na kijana akalelewa na mjomba wake, Gody, ambaye naye ni fundi wa muziki wa magari. Alikuja kuzika, akakaa matanga, matanga yakaisha, akashika msumeno. Mkono wake uliijua mbao. Maboksi ya besi aliyoyatengeneza yalikuwa yamenyooka, yamegundishwa yakashikana, hata wateja wakawa wanayapapasa kabla hawajasikia kitu. Pelagia naye aliyapapasa, wakati Nathan hayupo. Nathan akiwepo hakuyasifu.

Na kwenye nyaya Pelagia alikuwa hamruhusu kabisa. Kila Nathan aliponyoosha mkono kwenye waya, Pelagia alikuwa na sentensi yake tayari: "Baba hakufanyaga hivyo." Alivyokunja waya, Baba hakukunjaga hivyo. Alivyokata tepu, Baba hakukataga hivyo. Pelagia hakuisema kwa ubaya. Aliisema kama mtu anavyosema leo kuna jua. Lakini kwa kijana ambaye hakupata kumwona Baba akikata hata tepu moja, ilikuwa kama kufungiwa mlango kila siku, tena na dada yake mwenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo mambo yakafumuka. Nathan alichuna waya kwa meno, Pelagia akasema sentensi yake, na Nathan akaweka waya chini taratibu.

"Dada, mimi nikimaliza hii gari naondoka nayo. Nimeshaongea na mzee, ananipa lifti mpaka Bunda."

Kumbe begi lilikuwa limefungwa tangu usiku. Aliliingiza ndani ya Noah, nyuma kabisa, kando ya boksi la besi, mbele ya macho ya dada yake. Pelagia alitaka kusema usiende. Alitaka kusema kibanda hiki bila wewe nitakifunga kabla ya Krismasi, na si kwa ajili ya maboksi tu. Badala yake, mdomo wake wenye wingi wa maneno siku zote ukatoa neno moja.

"Haya."

Haya! Mtu anamuaga ndugu kwa neno ambalo hata muuza nyanya analisema kwa uzito zaidi. Kisha, kwa kuwa hasira ikishaanza hutafuta kazi ya kufanya, akaongeza: "Na usije ukasema Bunda kwamba nilikunyima nyaya. Spika ya kushoto funga wewe. Ya kulia nafunga mimi."

Wakafunga hivyo, kila mmoja na spika yake, wamepeana migongo kama watu waliokutana kituoni. Kila mmoja akaijaribu ya kwake kwa betri ya tochi, maana hilo walifundishwa wote wawili: ukigusisha betri kwenye ncha za waya, spika ikiruka kwenda mbele, umefunga vizuri, ikirudi ndani, umegeuza. Ya Pelagia ikaruka mbele. Ya Nathan ikaruka mbele. Hakuna aliyemtazama mwenzake akijaribu. Pelagia akazichukua nyaya zote mbili akazipeleka mwenyewe kwenye amplifaya, kwa sababu huko, ugomvi au si ugomvi, hakuna mkono mwingine uliowahi kufika tangu Baba afe.

Na sasa jua lilikuwa limeshapita utosini, na ngoma haipo.

"Labda amplifaya," Nathan alisema, amesimama nyuma ya gari, mikono kifuani.

"Amplifaya nzima."

"Labda hizi—"

"Nathan, nimesema nzima."

Hata hivyo alikwenda kwa fundi jirani akaazima nyingine, akaifunga, akatokwa jasho. Kushoto dum, kulia dum, pamoja mbuzi. Akaifungua, akairudisha, akarudi. Akabadilisha waya unaotoka kwenye redio. Akasafisha mahali pa betri. Akazima kila kitu akawasha upya, kama vile redio ingekuwa imejifikiria ikajirudi. Kushoto dum, kulia dum. Alipoiweka katikati hakutaka hata kusikiliza. Aliutazama uso wa mzee, na uso wa mzee ukamjibu.

"Labda boksi linavuja," Pelagia alisema.

Alijua halivuji. Aliyasema hayo kwa sababu lilikuwa limebaki boksi tu, na kwa sababu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hurusha jiwe upande wowote. Nathan aliingia kibandani akatoka na kipande cha dawa ya mbu, ile ya kuzunguka, akaiwasha, akaanza kuipitisha polepole kwenye kila kona ya boksi lake wakati spika zinapiga. Pale penye ufa hewa ingeupeperusha moshi. Moshi ulipanda juu umenyooka. Akapitisha kona ya pili, upande wa chini, kwenye viungo vyote. Moshi ukanyooka vilevile.

"Halivuji," alisema, bila kupandisha sauti.

"Sawa."

"Nataka uone mwenyewe."

"Nimeona, Nathan!"

Pelagia alitamani kulia, na machozi yenyewe hayakuwa ya huzuni. Yalikuwa ya hasira ya kushindwa na kitu kisicho na mdomo. Ingekuwa ng'ombe angejua anaumwa wapi. Hiki ni chuma na karatasi, na kilikuwa kinamdhihaki mbele ya mteja, mbele ya mdogo wake, siku ambayo mdogo wake anaondoka. Na hata hilo lilikuwa na fundo lake: ngoma ikipona, gari linaondoka, na Nathan yumo. Alikuwa anahangaika tangu asubuhi ili amfukuze vizuri.

Taa za redio zikaanza kufifia.

"Dada, zima. Betri inakufa," Nathan alisema, akaenda ndani kutafuta spana.

Pelagia hakuzima mara moja. Alikaa pale nyuma, mbele ya boksi, na kwa kukosa kingine cha kufanya akaweka viganja vyake juu ya spika, kimoja huku, kimoja kule, kama mtu anayetuliza watoto wawili. Ngoma ambayo haikusikika ilikuwa inapiga chini ya mikono yake. Alihisi. Wa kushoto ulisukumwa. Wa kulia ulivutwa. Tena: wa kushoto ulivutwa, wa kulia ukasukumwa.

Akaondoa mikono haraka kana kwamba ameungua.

Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Kila moja ikiwa peke yake ilifanya kazi yake vizuri. Zikiwa pamoja kila moja ilikuwa inakula kazi ya mwenziwe, na ngoma ikafia humo ndani ya boksi. Waya mmoja ulikuwa umefungwa kinyume cha mwingine. Basi. Si amplifaya, si redio, si boksi.

Nathan akarudi na spana, akaifungua betri ya gari, akaibeba begani kuipeleka kuchajiwa kule barabarani. Pelagia alisubiri mgongo wake upotee, akaifungua spika ya kushoto, skrubu moja moja.

Waya wa spika una nyaya mbili zilizoshikana. Mmoja hauna alama, mmoja una mstari mweupe. Mmoja unakwenda kwenye chanya, mwingine kwenye hasi, na waya wenyewe haujali upi uende wapi, mradi watu waelewane. Kwa Ngolo, mstari ulikuwa hasi. Siku zote, gari lolote, hata kwenye redio za Murangi. Pelagia alipoinua spika ya Nathan akaona mstari mweupe umechomelewa kwenye chanya, safi kabisa, kwa mkono wa mtu anayejua anachofanya. Ndivyo walivyofanya kwa mjomba Gody. Kijana alikuwa hajakosea. Alikuwa amefunga kwa njia ya Bunda, akajaribu kwa njia ya Bunda, ikakubali. Na dada yake akaja akazipeleka nyaya zote kwenye amplifaya kwa njia ya Musoma.

Sentensi ikamjaa mdomoni. Ilikuwa tayari, ina joto, imekaa kwenye ncha ya ulimi: Baba hakufanyaga hivyo. Na safari hii angekuwa na haki nayo. Angeweza kumwita kutoka barabarani, na betri yake begani, aje aone.

Akaliangalia begi. Lilikuwa begi dogo la bluu, zipu imeharibika, amefunga kwa kipande cha waya. Waya wa spika. Wenye mstari.

Pelagia akaimeza ile sentensi, na haikushuka vizuri. Akairudisha spika ya Nathan kama ilivyokuwa. Kisha akafungua ya kwake, akayeyusha solda yake mwenyewe, akauhamisha mstari kutoka hasi kwenda chanya. Ikigeuzwa moja, yoyote ile, zitaelewana. Hakukuwa na lazima igeuzwe ya Nathan. Ilimuuma hata hivyo. Mkono ulikuwa unakataa, kama mtu anayelazimishwa kula kwa kushoto. Alipomaliza akakaza skrubu, akafuta vumbi, akaamua kwamba akiulizwa atasema palikuwa pamelegea mahali. Aende Bunda, kama anakwenda, bila kubeba hilo nalo.

Bila betri hakukuwa na kujaribu. Akampeleka mzee kwa Sabina, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, akampa ugali wa muhogo na sato.

Mzee alikula kwa utulivu mpaka akafika kwenye kichwa cha samaki. "Yule kijana ni nani yako?"

"Mdogo wangu, mzee."

"Wa tumbo moja?"

"Baba mmoja."

"Basi mdogo wako. Mbona ameniomba lifti kama mgeni?"

Pelagia akavunja ugali asioutaka. "Anapenda Bunda."

"Mimi nimezaliwa Bunda, pamba yangu iko Bunda, ng'ombe wangu wako Bunda. Napajua. Mtu hakimbiliagi Bunda. Labda anakimbia kitu huku." Akafyonza mfupa. "Samaki mzuri huyu."

Waliporudi, Nathan alikuwa ameshafika. Betri ilikuwa imerudishwa mahali pake, na yeye alikuwa nyuma ya gari anakaza skrubu ya mwisho kwenye boksi. Jasho lilikuwa linamtoka. Pelagia hakumuuliza anakaza nini. Skrubu zinalegea, na alikuwa na lake la kuficha.

"Tujaribu," Nathan alisema. Sauti yake ilikuwa na uchangamfu fulani ambao haukuwepo asubuhi.

"Tujaribu," alisema Pelagia, naye amechangamka.

Mzee akasimama, akavua kofia kabisa. Pelagia akawasha redio, akaweka sauti katikati, akapandisha.

Filimbi. Makofi. Mbuzi.

"Haiwezekani!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Pelagia akashuka garini akalipiga tairi teke, akiwa amevaa ndala, na kidole gumba kikamjibu mpaka kichwani. Akaruka kwa mguu mmoja kuzunguka kiti cha mzee. Aliyatukana matairi, aliitukana amplifaya, akamtukana mtu wa kwanza aliyefikiria kuweka muziki ndani ya gari badala ya kuuacha nyumbani na wenyewe. Siri yake ikamtoka humohumo.

"Nimegeuza! Nimeigeuza kwa mikono yangu hii, na bado!"

Nathan akageuka. "Umegeuza nini?"

"Waya wangu!"

"Umegeuza waya wako, dada?"

"Nimeuweka mstari kwenye chanya. Kama ulivyoweka wewe. Zilikuwa zimepishana, nimezishika nikahisi. Nikageuza ya kwangu zielewane, na haya ndiyo maelewano yake!"

Nathan aliweka bisibisi juu ya boksi kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mimi nimegeuza wa kwangu," alisema.

Ndani ya gari mbuzi alilia tena.

"Umeuweka wapi?" Pelagia akauliza, ingawa alishajua.

"Mstari kwenye hasi. Kama Baba." Alitazama chini. "Betri ilipokuwa inachajiwa nimempigia mjomba Gody. Nikamweleza, kushoto inalia, kulia inalia, pamoja hamna. Akacheka. Akasema mmepishana nyaya, wewe na dada yako, kila mtu kafunga kwa mwalimu wake. Rudi ugeuze ya kwako. Nikamwambia mjomba, ya kwangu si ndiyo sawa? Akasema sawa ni huku kwangu. Huko ni kwa baba yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesemaga Baba hakufanyaga hivyo."

Alilisema bila hasira, na ndiyo maana lilimwingia. Pelagia alikuwa ameimeza sentensi hiyo mara moja tu, leo, ikambana koo mchana kutwa. Huyu alikuwa anaimeza kila siku.

"Ndiyo," alisema. "Ningesema hivyohivyo."

Mzee Mashimba alikuwa anawatazama kwa zamu, shingo inakwenda huku na kule. "Subirini kwanza. Yaani wakati mimi nakula samaki, ngoma yangu ilikuwa imepona?"

"Ilikuwa imepona, mzee," alisema Nathan.

"Halafu mkaiua tena. Kwa heshima."

"Ndiyo mzee."

"Hapana! Sitaki heshima kwenye gari yangu! Mmoja ageuze, mmoja tu! Mwingine aje akae hapa karibu na mimi, nimshike mkono!"

Wote wawili wakanyoosha mikono kwenye bisibisi. Pelagia ndiye aliyeiwahi. Aliishika kidogo, kishikio chake cha mbao ambacho Baba alikichonga mwenyewe, kimeliwa na jasho la mkono wake. Kisha akampa Nathan.

"Rudisha ya kwako. Mstari kwenye chanya."

"Dada, hiyo si njia ya Baba."

"Najua." Akavuta pumzi. Neno lililofuata lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Ukimaliza hapo uingie chini ya kiti. Kwenye amplifaya. Nyaya zote mbili zifungue, uzifunge upya unavyojua wewe, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mimi siingii humo."

Nathan alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii akainama haraka, akaanza kazi.

Pelagia akaenda kukaa karibu na mzee, na mzee, kama alivyoahidi, akamshika mkono. Haikuwa rahisi. Kijana alichuna waya kwa meno. Alikunja tepu upande usio wa kawaida. Alizipitisha nyaya chini ya kiti kwa mzunguko ambao Ngolo angeuona angeweka kikombe chake cha chai chini. Pelagia akafumbua mdomo. Mzee akamkaza mkono. Pelagia akaufumba.

"Umeuma ulimi?" mzee akanong'ona.

"Kidogo."

"Uume tu. Kesho naozesha."

Nathan akatoka chini ya kiti, nywele zimejaa vumbi, akaenda mbele, akawasha.

Ngoma ikaja. Haikuingia masikioni kwanza, iliingia miguuni, ikapanda magotini, ikakaa kifuani. Bati la kibanda likaanza kulia, kopo la skrubu likatembea mezani lenyewe, na ng'ambo ya barabara Sabina akatoka na mwiko mkononi kuona kimetokea nini. Mzee Mashimba aliuachia mkono wa Pelagia. Akaiweka fimbo begani, akakunja magoti, akaanza kucheza palepale kwenye vumbi, taratibu, kwa mabega tu, macho amefumba. Mbuzi bado alikuwa analia kule nyuma, lakini sasa nani angemsikiliza.

Pelagia alimtazama mdogo wake. Nathan alikuwa anacheka peke yake kama mtoto, kiganja juu ya boksi. Furaha ikamjia Pelagia, na nyuma yake mara moja ikaja hofu yake, maana kazi ilikuwa imekwisha.

Mzee hakukawia. Alikuwa na watu wanaomsubiri na gari la kupamba. Akashukuru, akabariki, akaingia nyuma ya usukani. "Kijana, panda. Giza lisitukute njiani."

Nathan akafuta mikono kwenye suruali. Akamtazama dada yake, akangoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema.

"Haya, dada," alisema Nathan.

Neno lilelile. Pelagia alijua thamani yake, maana ndiye aliyeanza kulitumia. Akampita Nathan, akaufungua mlango wa nyuma wa Noah, akalivuta begi la bluu kutoka kando ya boksi, akalishusha.

"Begi linaziba tundu la besi la kupumulia," alisema.

Nathan akalitazama boksi, kisha begi, kisha dada yake. "Tundu liko upande wa pili. Nimelitoboa mimi."

"Najua liko wapi." Alikuwa amelikumbatia begi kwa mikono miwili. "Linaziba. Halipandi."

"Mnageuza nini tena huko nyuma?" mzee akapaza sauti kuishinda ngoma.

"Hatugeuzi kitu, mzee," Nathan akajibu. "Nenda salama."

Akaufunga mlango wa gari, akaupiga kwa kiganja mara mbili ili mzee aondoke, naye akabaki amesimama nje.